Mashine ya Kusaga Juu ya Maji

Magoti yamenistaafisha kabla ya umri. Daktari aliniambia nisiingie tena kwenye shimo la injini, na shimo la injini ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nimegawa spana zangu zote nikabaki na moja ya kufungia mtungi wa gesi. Ninyi vijana mnaotengeneza boti hapa Musoma mmeniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Vyeo sikupata, na mshahara nilioupata si habari. Nitaandika zaidi miaka ya Guangzhou, kule China, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa sababu huko ndiko nilikoambiwa mara nyingi kuliko popote kwamba jambo fulani haliwezekani. Nilikataa wakati ule, na bado nakataa.

Chuo sikukiona. Shule yangu ilikuwa mashine ya kusaga ya shangazi yangu Nyangeta. Injini yake ilikuwa ya Kichina, ya silinda moja iliyolala ubavu, yenye tangi la maji wazi juu yake. Maji yakichemka tunaongeza mengine, na yale ya moto tunayachota kuoshea vyombo. Shangazi hakujua kusoma maandishi ya kwenye bati la injini, na mimi pia sikujua, maana yalikuwa ya Kichina. Alinifundisha kuigusa kwa kiganja kabla ya spana. Joto la kila sehemu nilijifunza kama mtu anavyojifunza paji la uso la mtoto wake.

Mambo mawili ya mashine ile yanahusu habari hii. La kwanza, injini ikizimwa tulifunika bomba la moshi kwa kopo la maziwa lililogeuzwa, mvua isiingie. La pili, hatukutupa slivu. Slivu ni lile bomba la chuma ambamo pistoni hukimbia. Ilikuwa ngumu kupatikana, kwa hiyo ilisafishwa, ikapakwa mafuta, ikarudishwa, hata ikiwa imezeeka. Kutupa slivu kwetu kulikuwa sawa na kumwaga mbegu barabarani.

Guangzhou nilifika kama mnunuzi wa nguo. Akina mama wa soko letu walichanga, wakanichagua mimi kwa kuwa nilikuwa na subira ya kukagua. Nilikagua mno. Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, nilisimama nikitazama mota za cherehani huku wenzangu wakimaliza mzigo. Kule Shiling, kwenye viwanda vya mikoba, laoban mmoja alinifukuza dukani nilipofungua kifuniko cha mashine yake ya kukatia ngozi. Laoban ni bosi, na mabosi wa kule hawapendi mteja anayetaka kuona tumbo la mashine. Mzigo wa akina mama niliutuma salama. Mimi sikurudi nao.

Sababu ni mlio. Nilikuwa nimepanga kitanda Kangle, kwenye vichochoro vya karakana za nguo, ambako pikipiki za kubebea vitambaa hazimpishi mtu. Jioni moja nilitoka kutafuta hewa upande wa mfereji unaoingia mtoni, nikaisikia mashine ya shangazi. Injini ileile, pigo lilelile, ila lilikuwa linaruka pigo moja kila baada ya machache. Nikafuata. Lilitoka kwenye boti ya chuma iliyofungwa kati ya nyingine nyingi, zote za watu wanaoishi ndani yake: nguo zimeanikwa, kuku ndani ya tenga, sufuria jikoni nyuma. Mwanamke mfupi mwenye kofia pana alikuwa ameinama juu ya injini akiitukana.

Nilimwonyesha kwa vidole kwamba bomba la mafuta linavuta hewa kwenye nati. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akanipa spana kwa ishara ya mtu anayempa mlevi funguo. Nilikaza nati, nikatoa hewa, pigo likakaa sawa. Ndivyo nilivyopata kazi na pa kulala kwa pamoja, kwani alinipangisha chumba cha mbele. Aliitwa Ying. Nilimwita Ying-je, yaani dada Ying, maana alinizidi umri. Yeye alishindwa kutamka Esta akaniita A-Si. Alikuwa mjane, alizaliwa botini, na nchi kavu aliipanda kwenda sokoni tu. Mazungumzo yetu mwanzoni yalikuwa maneno ya sokoni na mikono, baadaye yakawa mazungumzo kamili. Hapa nayaandika kwa Kiswahili.

Umeme ndio uliotangulia kunitisha. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa plastiki ya mifuko, na waya hasi ulifungwa kwenye bodi la chombo. Vijana, hilo msilifanye. Kwenye boti ya chuma umeme hutafuta njia ndani ya maji, na njia hiyo hula bodi polepole mpaka siku moja unakanyaga sakafu mguu unalowa. Nilizivuta nyaya zote nikaanza upya: kila njia na waya wake wa kurudi, kila njia na fyuzi yake, betri ndani ya sanduku lenye matundu ya kupumulia, vichwa vya betri vimepakwa grisi. Ying-je alilalamika kwamba taa ni zilezile. Nilimwambia kazi nzuri ya umeme haionekani. Alijibu kwamba hata kazi ambayo haikufanyika haionekani.

Kisha baridi. Mtu asiyefika kule hudhani ni nchi ya joto mwaka mzima. Kuna majuma ambapo unyevu wa mto unaingia kwenye mifupa, na ndani ya boti ya chuma kuta zinatoa jasho. Majirani walifunga madirisha wakawasha jiko la makaa. Ying-je naye aliwasha, akaamka na kichwa kizito, akasema ni uzee. Nilikataa kulala humo na makaa. Nilichukua maji ya moto ya tangi la injini, nikayapitisha kwa pampu ndogo ya betri kwenye bomba la shaba hadi tangi la chuma chini ya kitanda chake, na njia ya kuyarudisha. Injini ilipochaji betri jioni, kitanda kilipata moto, na kiliushika mpaka alfajiri. Siku ya kwanza alikaa juu yake, kisha akavua soksi. Majirani wakaanza kuniita.

Hivyo nikawa fundi wa mfereji mzima. Wenzangu wa biashara walinicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Papa Dieudonné, mfanyabiashara wa jinzi kutoka Lubumbashi, mtu mwenye mikono kama nguzo na suruali iliyopigwa pasi hata sokoni.

“Maman Esta,” aliniuliza akiwa ukingoni, “weye ulikuya Chine juu ya kununua bitu ao juu ya kupakaa mafuta ku mikono?”

“Nilikuja kufanya kazi, Papa.”

“Kazi ya banaume.”

“Basi shuka uifanye.”

Alitazama suruali yake, akatazama shimo la injini. “Mi iko na client,” akasema, akaenda zake.

Mji ule ulikuwa unajengwa kila upande, na mfereji wetu ukafikiwa. Siku moja maofisa walipita boti kwa boti na tangazo. Mfereji utasafishwa na kingo zitajengwa. Boti itakayotoka kwa injini yake yenyewe itapewa nafasi kwenye maegesho mapya mtoni, upande wa chini. Isiyoweza kujiendesha itahesabiwa chuma chakavu, itavutwa na kukatwa. Siku ya kutoka ilikuwa imepangwa.

Wiki hiyohiyo nilifungua kifuniko cha oili ya injini ya Ying-je nikakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia ndani. Injini ikiendeshwa hivyo beringi zinakufa, na kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inafuata. Nikaizima.

Habari ilifika kwa mnunuzi wa vyuma kabla sijafuta mikono. Alikuja na mashua yake ya kuvutia, akagonga bodi kwa nyundo kama mtu anayechagua tikiti maji. Papa Dieudonné alimbatiza jina la Papa Mkasi, na jina likamkaa.

“Bloku imepasuka,” alisema Papa Mkasi. “Injini za namna hii zikinywa maji ndiyo mwisho. Niuzie sasa, Ying-je, kabla ya siku yenyewe. Mwanao si ana nyumba ghorofani?”

“Ghorofa ya tisa,” alisema Ying-je. “Nilienda. Sakafu haitikisiki. Nilitapika.”

Mimi nilisema bloku, mwili wenyewe wa injini, haijapasuka. Aliniuliza nimejuaje. Nilisema sijajua, ndiyo maana nitafungua. Akacheka, akakaa ukingoni kusubiri, na karibu kila siku alirudi kukaa palepale.

Uzuri wa injini iliyolala ni kwamba huhitaji kuing'oa. Unatoa kichwa mbele, unafungua mlango wa nyuma, unalegeza konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, unasukuma pistoni itoke upande wa kichwa. Nilijaza maji kwenye tangi, nikamulika ndani kwa taa, nikangoja. Tone likatokea mwisho wa slivu, pale kwenye pete za mpira zinazozuia maji. Bloku ilikuwa nzima. Nilimwita Papa Mkasi aje aone. Alisema macho yake hayaoni mbali.

Nilinunua pete mpya. Muuza vipuri alianza na “mei you,” yaani hakuna, kama anavyoanza kwa kila mteja, kisha akazitoa chini ya meza. Nilisafisha slivu, nikaifunga pete, nikairudisha, nikafunga kila kitu, nikawasha. Iliunguruma vizuri. Jioni manyunyu yakaanza. Nikazima, nikachukua kopo tupu la maziwa, nikaligeuza juu ya bomba la moshi, nikaenda kulala nimeridhika.

Niliamshwa na kelele. Ying-je alikuwa amesimama mbele ya bomba la moshi, kofia mkononi.

“Nani ameweka hiki?”

“Mimi. Mvua isiingie.”

“Umepindua chombo juu ya chombo changu!”

Lazima nieleze. Kwa watu wa botini, kitu kinachopinduliwa ni boti inayopinduka. Samaki mezani hageuzwi. Unakula upande wa juu, unainua mfupa, unaendelea chini yake. Hilo nilifundishwa mlo wa kwanza na nililishika. Samaki nilimwelewa. Bakuli lisilolazwa kifudifudi nililielewa. Kopo la injini halikunijia akilini, kwa sababu kwetu kopo lile ni sehemu ya mashine.

Alilitupa majini. Kisha akafungua kifuniko cha oili mwenyewe, kama nilivyomfundisha, akachovya kidole, akaninyooshea. Chai ya maziwa.

“Unaona?” alisema. “Shuka.”

“Ying-je, kopo halikuweka maji kwenye oili.”

“Shuka!”

Nilishuka. Papa Mkasi alikuwa ukingoni na chupa yake ya chai. Alinisogezea nafasi nikae, na ukarimu ule uliniuma kuliko matusi. Papa Dieudonné alipopita alinikuta nimekaa juu ya sanduku la spana.

“Iyi moteur ilikufa, Maman. C'est fini. Kuya tuende Xintang, utanisaidia kuchagua jinzi.”

“Haijafa. Kuna kitu sijakiona.”

“Na mwenye boti amekufukuza.”

“Amenifukuza botini. Ukingo si wake.”

Nilikaa pale asubuhi yote. Sikuwa nasubiri huruma. Nilikuwa narudia kazi kichwani, hatua kwa hatua, nikitafuta pa kulaumu. Mchana Ying-je alitoka kumwaga maji machafu, akanikuta bado nipo.

“Unataka nini?”

“Boti ni yako na mwiko ni wako,” nikasema. “Sitabishana na mwiko. Injini niachie mimi.”

Alimtazama Papa Mkasi, si mimi. “Kila kitu mdomo juu,” akasema. “Kifuniko, kikombe, nati yenye shimo, chochote. Nikiona kimoja kimelala kifudifudi, namuuzia huyu hapa, na wewe nakutupa kulikoenda kopo lako.”

Vijana, jaribuni siku moja kufungua injini bila kulaza kitu kifudifudi. Mkono umezoea. Kichwa cha silinda hulazwa uso chini ili usikwaruzwe. Mimi nilikiweka uso juu, nikakifunika kitambaa. Vifuniko vya valvu vilikaa kama mabakuli. Ying-je alipita kila mara akikagua, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu.

Na slivu. Slivu ina kola pana upande wa juu, kwa hiyo kila fundi huisimamisha kwa kola, kichwa chini miguu juu, ndipo inatulia. Shangazi aliiweka hivyo, nami siku zote niliiweka hivyo. Safari hii ilibidi isimame kwa mguu wake, upande mwembamba. Niliiweka juu ya ubao ulionyooka. Ikayumba. Niligeuza ubao, kwa ubavu tu, ikayumba tena. Nikapiga magoti nikatazama kwa usawa wa macho, nikaona mguu umeliwa upande mmoja, na kutu imepanda mpaka kwenye mfereji wa pete. Pete mpya ilikuwa imekalia chuma kilichooza. Ndani slivu iling'aa kama kioo, na mimi nilikuwa nikitazama ndani tu, kwa sababu nilitoka mahali ambapo slivu hairuhusiwi kuwa mbaya.

Sisemi mwiko ndio uliotengeneza injini. Ying-je alisema hivyo mpaka mwisho, nami nilikataa mpaka mwisho, na tuliendelea kula pamoja. Ninachosema ni kwamba chuma kinapaswa kutazamwa pia kwa namna ambayo mkono haukuzoea.

Nilikwenda kununua slivu mpya. Zilikuwa zimepangwa dukani hadi darini, katika mji unaozitengeneza, na mimi nilikuwa nimesugua ile kuukuu. Kiti cha pete ndani ya bloku nacho kilikuwa na vishimo vya kutu; nikavikausha, nikavijaza gundi ya chuma, nikaacha ikauke, nikasugua mpaka kidole kisihisi ukingo. Nilifunga kila kitu, nikajaza maji, nikamulika, nikangoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pakavu.

Siku ya kutoka ilifika na tatizo ambalo si la injini. Kwenye mdomo wa mfereji kuna daraja la chini. Mto ule hupanda na kushuka kufuata maji ya bahari. Maji yakijaa, paa la boti haliingii chini ya daraja, kwa hiyo boti zote zilitakiwa kupita yakiwa yametoka. Zetu zilikuwa nyingi, foleni ikachelewa, na zamu yetu ilipokaribia maji yalikuwa yameanza kurudi, yakitusukuma nyuma na kutupunguzia nafasi juu.

Kupiga hendeli ya kuwashia kulihitaji nguvu, maana injini iliyofungwa upya ni nzito. Papa Dieudonné alikuja kuaga, akakunja suruali yake iliyopigwa pasi, akashuka shimoni bila kuombwa.

“Piga kwa mzunguko, usivute,” nikamwambia.

“Maman, mi nilisukuma camion, lori nzima, ku matope ya Katanga. Usinifundishe kusukuma.”

Alipiga, nikaachia lava ya kupunguza mgandamizo, ikashika. Moshi mweusi, kisha wa kijivu, kisha hewa safi tu. Akapanda juu na doa la grisi kwenye paja, akaliangalia kama jeraha la vita.

Karibu na daraja mashua ya Papa Mkasi ilisogea ubavuni. Alikuwa ameshika kamba.

“Maji yanakuja juu, Ying-je. Shika kamba nikupitishe. Utakwama katikati.”

Ofisa aliyesimama darajani alisikia. Aliinama juu ya ukuta. “Ukishika kamba, umevutwa,” akasema. Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa ndiyo kanuni.

“A-Si!” Ying-je aliita kutoka kwenye usukani. “Itahimili?”

Niliweka kiganja juu ya bloku, kisha kwenye mlango wa nyuma, kisha kwenye kichwa. Joto lilikuwa pale linapopaswa kuwa. Nilichovya kijiti cha oili. Nyeusi, safi, oili na oili tu.

“Ipe mafuta yote,” nikasema.

Ying-je alimgeukia Papa Mkasi. “Funga hiyo kamba kiunoni kwako,” akamwambia, “usije ukaanguka majini ukitutazama.”

Tuliingia chini ya daraja dhidi ya maji. Boti ilikwenda, ikapungua, ikasimama, kabisa, propela ikichemsha matope nyuma yetu, na zege lilikuwa karibu na paa kiasi kwamba Papa Dieudonné alilala chali akaweka viganja juu kama mtu wa kulisukuma daraja lenyewe. Alikuwa anasali kwa Kifaransa. Mvuke ulitoka kwenye tangi. Sikugusa kitu. Ukishamaliza kazi yako, kazi iliyobaki ni kuacha mikono yako mbali. Kisha propela ikauma maji, hatua kwa hatua, mwanga ukaja mbele, tukatokea mtoni.

Maegesho mapya yalikuwa mbele, na ofisa mwingine akingoja kwenye gati, akituonyesha kwa mkono nafasi yetu. Majirani waliotangulia walikuwa wamesimama mbele ya boti zao. Papa Mkasi alikuwa ametufuata kwa nyuma, bila shaka kuona kama tutazimika.

Ying-je hakuingia. Aliipita nafasi yake, akaipita gati, akaizungusha boti katikati ya mto mpana, polepole, mbele ya maofisa, mbele ya majirani, mbele ya pua ya mashua ya Papa Mkasi ambayo ilibidi irudi nyuma kutupisha. Mzunguko mzima. Ofisa alipiga filimbi. Ying-je alinitazama kwa upande wa kofia yake.

Kiufundi mzunguko ule haukuwa na sababu yoyote. Nilikagua dizeli, nikaona inatosha, nikamwambia azunguke tena.